Daktari Anajibu: Saa za Mwili Zinapotofautiana

Barua nyingi zilizotufikia katika wiki za karibuni zimehusu usingizi. Wapo walioandika baada ya safari ndefu za ndege, na wapo, ambao ndio wengi zaidi, wanaofanya kazi usiku wakati sisi wengine tumelala. Kwa kuwa chanzo cha matatizo yao ni kimoja, nimeziweka barua hizo pamoja. Zimefupishwa, na majina ya walioandika hayakutajwa.

Daktari, shikamoo. Mimi ni mfanyabiashara wa Kariakoo na huenda Guangzhou kununua mzigo. Kila nikifika huko usingizi hunikataa usiku, na ifikapo saa nane usiku njaa hunishika kwelikweli. Asubuhi, tunapopelekwa kiwandani kukagua sampuli, nasinzia mbele ya wenyeji wangu. Nikirudi nyumbani hali hiyo huisha upesi. Kwa nini kwenda ni kugumu kuliko kurudi? Na vile vidonge vya melatonini ninavyoviona vikiuzwa, vinasaidia? — Mfanyabiashara, Dar es Salaam

Marahaba. Guangzhou iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa tano, na mwili wako unapofika huko bado unaishi Kariakoo. Saa nane usiku ya Guangzhou ni saa tatu usiku ya nyumbani, wakati ambao familia yako inakaa mezani kwa chakula, ndiyo maana tumbo linadai haki yake. Saa tatu asubuhi, unapoonyeshwa sampuli, mwili unahesabu saa kumi alfajiri, kipindi ambacho joto la ndani ya mwili liko chini kabisa na akili imezama. Kusinzia kwako hakutokani na uzembe wala uzee.

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali ambapo mishipa ya macho mawili hupishana, kuna kiini kidogo chenye seli za neva zipatazo 20,000. Hicho ndicho saa kuu ya mwili. Huamua lini homoni ya usiku, melatonini, imwagwe katika damu, lini kotisoli, homoni ya kuuchangamsha mwili, ipande kabla ya kuamka, na lini joto la mwili lishuke. Saa hiyo haiendi kwa saa 24 kamili; kwa watu wengi mzunguko wake ni mrefu kidogo, wastani wa saa 24 na dakika kumi hivi, na kila siku hurekebishwa na mwanga unaoingia machoni. Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako. Kwa kuwa saa ya mwili inapenda kuchelewa, kuiburuta nyuma ni rahisi kuliko kuisukuma mbele. Anayesafiri kuelekea mashariki hurekebika kwa takriban saa moja kwa siku, na anayeelekea magharibi kwa takriban saa moja na nusu. Kwenda Guangzhou kunakudai siku tano, na kurudi siku tatu au nne. Mwenye safari ya wiki moja huanza kulala vizuri wakati anafunga mizigo yake.

Wasafiri wengi husikia kwamba wakifika wakae juani, nao hutoka nje mara tu kunapokucha. Kwako wewe, siku ya kwanza, ushauri huo unaweza kukudhuru. Mwanga unaoingia machoni kabla ya joto la mwili kufika chini kabisa huichelewesha saa. Ule unaoingia baada ya hapo huiwahisha. Kwa mtu anayelala saa za kawaida, joto hufika chini kabisa kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri, na kwa Guangzhou hiyo ni saa tatu hadi saa nne asubuhi. Kwa hiyo siku ya kwanza jikinge na jua kali hadi saa nne asubuhi, kwa miwani ya jua au kwa kubaki ndani, kisha toka nje na utembee juani hadi saa saba mchana. Siku ya pili anza saa tatu, siku ya tatu saa mbili, na uendelee hivyo. Kula kwa saa za huko, hata kama kifungua kinywa hakishuki. Ukiweza, siku tatu kabla ya kuondoka anza kuamka na kulala mapema kwa saa moja zaidi kila siku, ili ubakiwe na saa mbili tu za kulipa. Na jambo moja la biashara, ingawa si fani yangu: omba viwanda vikupokee mchana, na usisaini oda yoyote asubuhi ya siku mbili za mwanzo.

Umeuliza pia kuhusu vidonge vya melatonini ulivyoviona vikiuzwa. Vinasaidia anayevuka kanda tano za saa au zaidi, hasa kuelekea mashariki, vikimezwa karibu na saa ya kulala ya mahali ulipofika. Dozi ndogo ya nusu miligramu imeonekana kurekebisha saa ya mwili karibu sawa na ile ya miligramu tano, ingawa dozi kubwa humlaza mtu haraka zaidi. Mwenye kifafa, na anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama vile wafarini, asivitumie bila kuzungumza na daktari wake.

Mimi husafiri mara kwa mara kati ya Nairobi na Doha, na kila nikifika huwa hoi. Je, huo nao ni uchovu wa kuvuka kanda za saa? — Msomaji, Nairobi

Hapana. Doha na Nairobi zinatumia saa moja, na saa yako ya mwili haikuguswa. Kilichokuchosha ni ndege za usiku wa manane, hewa kavu ya ndani ya ndege na kukaa kitako muda mrefu. Kunywa maji, inuka utembee, kisha lala usiku mmoja mzuri. Hakuna kingine cha kurekebisha.

Daktari, mimi ni muuguzi katika hospitali ya wilaya. Ratiba yetu ya zamu inabadilika: wiki hii asubuhi, ijayo usiku, kisha jioni. Nikitoka usiku nafika nyumbani saa tatu asubuhi, nalala saa nne, na saa saba au saa nane mchana niko macho, kichwa kizito, nimechoka lakini usingizi hauji tena. Nalala chini ya bati, na joto la mchana unalijua. Karibu na alfajiri wodini huwa naogopa kukosea dawa. Nifanye nini? — Muuguzi, mkoa wa Pwani

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu hofu uliyoitaja ni ya haki na ni wachache wanaothubutu kuiandika.

Nianze na usingizi unaokatika. Mtu hulala kwa nguvu za aina mbili. Ya kwanza ni deni la usingizi, linaloongezeka kadiri unavyokaa macho; ya pili ni saa ya mwili, inayoamua ni wakati gani wa kulala na wakati gani wa kuwa macho. Ukilala saa nne asubuhi deni lako ni kubwa, nawe unazama mara moja. Baada ya saa tatu au nne sehemu kubwa ya deni imelipwa, na hapo saa ya mwili, ambayo kwake ni mchana mtupu, inapata nguvu ya kukuamsha. Joto la mwili linapanda, melatonini imeshaondoka katika damu, na juu ya hayo yote kuna bati. Ili usingizi uendelee mwili unahitaji kupoa, na chumba cha bati saa saba mchana hakiruhusu mwili kupoa. Ukiwa na hiari ya chumba, chagua kile ambacho jua la mchana halikipigi ukutani. Oga maji ya kawaida kabla ya kulala, elekeza feni kwenye neti, na ziba dirisha kwa pazia zito au kwa kanga mbili zilizopandishana, kwa maana mwanga nao unakuamsha. Majirani na watoto waambiwe wazi kwamba saa hizo ndizo usiku wako. Najua ni rahisi kuandika kuliko kutekeleza katika nyumba yenye watoto wadogo, na mara nyingi wauguzi niliozungumza nao hulala baada ya kufua, kupika na kumpokea mtoto wa chekechea. Hapo mwenzi wa nyumbani anapaswa kushika sehemu yake, kwa kuwa hakuna dawa inayoziba pengo hilo.

Usijilazimishe kulala kipande kimoja. Lala saa nne hadi saa saba kama mwili unavyotaka, amka, kula, kisha lala tena kwa muda wa saa moja hadi moja na nusu, kati ya saa tisa alasiri na saa kumi na mbili jioni kabla ya kuripoti. Kipande hicho cha pili ndicho kitakachokubeba alfajiri. Kahawa na chai ya rangi zitumike nusu ya kwanza ya zamu tu, kwa sababu nusu ya kafeini bado huwa mwilini baada ya saa tano hivi. Unapotoka asubuhi vaa miwani ya jua. Taa za wodi hutoa luksi (kipimo cha mwanga) mia chache, ilhali jua letu la Pwani saa mbili asubuhi lina zaidi ya luksi 10,000, na dakika chache za mwanga huo machoni zinatosha kuuambia ubongo kwamba siku imeanza. Ikiwa unaendesha mwenyewe pikipiki, usiendeshe. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hutenda kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi humkataza mtu kushika usukani.

Kuhusu dawa, kipindi cha hatari ni saa tisa usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na hatari hiyo haitokani na uwezo wako wa kazi. Katika kipindi hicho fanyeni hesabu za dozi wawili wawili: mmoja anahesabu kwa sauti, mwingine anahesabu upya bila kutazama jibu la mwenzake. Kazi zinazoweza kutangulizwa, kama kupanga trei na kuandika mafaili, zifanyike kabla ya saa nane. Ikiwa mko watatu, kulala dakika ishirini kwa zamu kunasaidia sana, mradi anayeamka apewe robo saa ya kuzinduka kabla ya kushika sindano, kwa kuwa ule usingizi wa mang'amung'amu unaofuata nao huleta makosa.

Sasa ratiba yenyewe. Asubuhi, kisha usiku, kisha jioni ni mpangilio mbaya. Kwa kuwa saa ya mwili inapenda kuchelewa, zamu ziende mbele kama siku inavyokwenda: asubuhi, jioni, usiku, kisha mapumziko. Kurudi kutoka usiku hadi jioni ni sawa na kurushwa mashariki kila wiki tatu bila tiketi ya ndege. Badiliko hili halihitaji fedha wala mtumishi wa ziada, na ningependa muuguzi mkuu wenu alisome jibu hili. Sheria nayo ipo upande wenu. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu usiku kuwa ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, inataka mfanyakazi kwa kawaida apate mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, inaweka nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku, na inamkinga mjamzito asipangiwe usiku katika miezi miwili kabla ya kujifungua. Kazi ya kutoka jioni na kuingia asubuhi inayofuata, ambayo wengi wenu mmeizoea, haiachi saa 12.

Nimekuwa mlinzi wa usiku kwa miaka mingi, saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Nabeba ugali na sukuma wiki, nakula saa nane usiku, na soda kunifungua macho. Wenzangu wengine hutafuna miraa. Juzi kliniki wameniambia sukari yangu iko juu kidogo, ingawa bado sijapewa dawa. Mimi si mnene na natembea sana. Imetoka wapi? — Mlinzi, Nairobi

Kila kiungo kina saa yake: ini, kongosho, moyo, misuli, utumbo. Ndani ya seli kuna jeni zinazotengeneza protini, na protini hizo zikishajaa huzifunga jeni zilizozizalisha, kisha huvunjika, na mzunguko huanza upya baada ya takriban siku nzima. Ufumbuzi wa utaratibu huo, uliofanywa kwa kuchunguza nzi wa matunda, ndio uliowapa Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young Tuzo ya Nobel ya mwaka 2017. Jambo linalokuhusu wewe ni kwamba saa hizi zote hazifuati ishara moja. Saa kuu ya ubongo hufuata mwanga. Saa ya ini hufuata zaidi chakula. Mwaka 2000 watafiti wa Geneva waliwalisha panya mchana tu, wakati ambao kwa desturi panya hulala, na baada ya siku kadhaa saa za ini zao zilikuwa zimegeuka kabisa huku saa ya ubongo ikiwa haijatikisika.

Hayo ndiyo yanayotokea kwako. Unatoka lindoni saa kumi na mbili asubuhi, jua linachomoza na kuuambia ubongo kwamba ni mchana. Saa nane usiku ugali unaliambia ini kwamba ni mchana. Mwili unakuwa kama kikundi cha taarabu ambacho wapiga ngoma wameingia wimbo wa pili na wapiga fidla wangali katika wimbo wa kwanza. Kongosho nalo usiku hutoa insulini kwa shida, kwa kuwa melatonini hulituliza, na sahani ile ile ya ugali inayoliwa saa nane usiku hupandisha sukari juu zaidi na kuiweka huko kwa muda mrefu kuliko ikiliwa saa saba mchana. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2021, vijana 19 wenye afya waliigizwa zamu za usiku ndani ya maabara. Waliokula usiku na mchana sukari yao ilipanda kwa asilimia 6.4, waliokula mchana tu, ingawa walikesha vilevile, haikupanda.

Kwa hiyo, kwa kuwa huna dawa za sukari, kula mlo wako mkubwa saa kumi jioni kabla ya kuingia lindoni. Usiku, kuanzia saa sita, kunywa maji, au chai isiyo na sukari mapema, na njaa ikizidi kula kitu kidogo kama yai la kuchemsha au karanga kiasi cha ngumi. Asubuhi kula kidogo kisha ulale. Soda iache kabisa. Kati ya yote uliyoyataja hiyo ndiyo inayokuumiza haraka zaidi. Miraa humweka mtu macho, lakini humnyang'anya usingizi wa mchana unaofuata na hupandisha shinikizo la damu. Rudi kliniki kupimwa tena katika muda waliokuambia, na siku watakapokuandikia dawa, usiache kula usiku kabla ya kuwauliza, maana sukari ikishuka ghafla ukiwa peke yako getini hakuna wa kukuokoa.

Mume wangu ni mwaka wa kumi sasa anafanya kazi bandarini Mombasa, usiku peke yake. Anasema mwili umeshazoea. Mimi naona amekuwa mkali, anasinzia mezani, na siku za mapumziko analala usiku pamoja nasi. Je, mwili huzoea kweli? Na ni kweli kwamba kazi ya usiku huleta saratani? — Mke, Mombasa

Dada, macho yako yameona sawa. Anayezoea ni mtu mwenyewe. Saa yake ya mwili, mara nyingi, haizoei. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2008 yalipima melatonini ya watu wanaofanya kazi usiku tu, na wale ambao saa zao zilikuwa zimegeuka kabisa hawakufika asilimia 3. Wengine wote walikuwa wakifanya kazi usiku kwa mwili wa mchana. Sababu umeitaja mwenyewe: kila siku ya mapumziko hurudi kwenye usiku wa familia, na kila asubuhi hurudi nyumbani akiwa na jua usoni. Wafanyakazi wa majukwaa ya mafuta katika Bahari ya Kaskazini, wanaokaa huko majuma mawili bila kurudi nyumbani na bila kuona jua la asubuhi kwa muda mrefu, huweza kugeuka ndani ya wiki moja, kisha hutaabika wanaporudi nchi kavu.

Umetaja saratani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya zamu za usiku mwaka 2007 katika kundi la mambo ambayo yanaelekea kusababisha saratani, na likathibitisha hivyo mwaka 2019. Kundi hilo linaeleza uzito wa ushahidi uliopo, halisemi kwamba hatari yenyewe ni kubwa. Nyama nyekundu nayo imo humo. Kwa mume wako ningetanguliza kupima shinikizo la damu, sukari na mafuta ya damu mara moja kwa mwaka, na kumuuliza kama anakoroma na kukatika pumzi usingizini, maana ukali na kusinzia vinaweza kutoka huko.

Ipo njia ya kati iliyojaribiwa Chicago: siku za mapumziko mtu analala kuanzia saa tisa usiku hadi saa sita mchana, ili saa yake isirudi yote upande wa mchana. Huwafaa wasio na familia. Kwa mwenye mke na watoto anaowaona siku mbili kwa wiki, sidhani ni halali kumwomba azilale asubuhi hizo. Naona afadhali aombe kupunguziwa usiku. Kwa miaka aliyokwisha kufanya, hilo si ombi la anasa.

Dawa yangu ya presha imeandikwa "asubuhi". Nafanya kazi usiku na naamka saa tisa alasiri. Asubuhi yangu ni ipi? — Msomaji, Arusha

Ni vizuri kwamba umeuliza kabla ya kuamua. Kwa dawa nyingi za presha kinachotakiwa ni kumeza kwa saa ile ile kila siku: utafiti wa Uingereza wa mwaka 2022, uliowafuatilia zaidi ya watu 21,000, haukuona tofauti ya mshtuko wa moyo wala kiharusi kati ya waliomeza asubuhi na waliomeza jioni. Chagua basi saa ambayo uko macho siku za kazi na siku za mapumziko, kwa mfano saa kumi jioni, ushikilie hiyo. Ikiwa dawa yako ni ya kukojosha, imeze unapoamka, vinginevyo itakuinua kitandani mara kwa mara mchana. Insulini, vidonge vya sukari na dawa za kifafa haziingii katika jibu hili. Kwa hizo nenda na ratiba yako ya zamu ya mwezi mzima, umwonyeshe daktari au mfamasia saa unazolala na saa unazokula, mpange pamoja.